Mabuyu Ndani ya Sanduku la Bunduki

Si kweli kwamba bunduki ililipukia jikoni. Nasema hivyo mapema kwa sababu mwezi uliopita, kule Houston, kwenye sherehe ya kipaimara cha mtoto wa kwanza wa dada yangu Mwende, shemeji yangu alisimama na sahani mkononi akawaambia wageni kwamba bunduki ililipukia jikoni, tena kwamba Anti Mbula aliwahi kutuma bomu la pilipili kiwandani na polisi wakaja na mbwa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Anti mwenyewe, mwenye hadithi, alicheka kuliko wote na hakukanusha hata neno moja. Mimi nilibaki na pilau yangu, nimenuna. Nilikuwepo. Shemeji wakati huo alikuwa bwana harusi anayehangaikia saizi ya suti, hakujua lolote, na sasa ndiye msimulizi. Nikasema moyoni, Mueni, usipoiandika wewe, watoto hawa watakua wakijua bomu na mbwa tu. Hakukuwa na mbwa. Kulikuwa na mjomba wetu, mkewe, bunduki moja yenye kasoro, na mwaka ambao nikiukumbuka hata leo, na miwani yangu hii ya kusomea, nacheka peke yangu garini mpaka dereva wa pembeni ananitazama.

Mwaka huo niliishi Euless, Texas, kwa Mjomba Kioko, katika nyumba ya kupanga ghorofa ya pili, karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba ndege ikishuka vikombe viligongana kabatini na mazungumzo yakasimama. Tulizoea. Unakatisha neno, ndege inapita, unaendelea palepale ulipoachia. Mchana niliwatunza wazee kule Irving, nikisubiri kuanza masomo ya uuguzi. Anti Mbula, mke wa mjomba, alipika katika jiko la hospitali. Mjomba alipanga vifurushi usiku kucha katika ghala moja pale uwanjani, na mchana alilala katika chumba kilichozibwa dirisha kwa blanketi. Sote watatu tulikutana mezani jioni tu, kabla hajaenda kazini: muthokoi wetu wa mahindi na maharagwe, chai ya tangawizi, na zile sukuma za Texas ambazo Anti alizilaani kila siku kwa ugumu wake na bado akazinunua kila wiki. Huko nyumbani Mjomba alikuwa askari wa wanyamapori Tsavo, na alikuwa mtu wa hadithi. Akianza kueleza jinsi tembo alivyowalaza juu ya mti yeye na wenzake, chakula kilipoa na hakuna aliyejali. Texas nilimkuta anasema "chumvi", "asante", na "leo kuna joto". Anti alinieleza siku ya kwanza kabisa, akinionyesha pa kuweka masanduku yangu, kwamba maneno ya mjomba wako yalizuiliwa forodhani, usiyasubiri.

Kwa hiyo elewa tulivyoshtuka siku ya utambulisho wa Mwende. Tulikuwa tumekwenda Houston kuwaona wakwe watarajiwa, Wakongo waliotoka upande wa Uvira, watu wakarimu, nyumba imejaa. Mama Espérance, mama yake bwana harusi, alikuwa amekaa kwenye kochi na kitenge chake cha heshima, na mazungumzo yalipofika kwenye chakula cha harusi akasema taratibu, bila ubaya, "Mimi niko nasema ukweli tu. Huku Amerika harusi ni kuku, kuku, kuku. Kwetu, harusi bila nyama ya pori, watu wanarudi nyumbani wanaulizana kama ilikuwa harusi ao mkutano." Watu wakacheka. Mjomba, aliyesimama mahali pa baba yetu, na ambaye mchana kutwa alikuwa hajatoa sauti isipokuwa ya kuitikia salamu, aliweka glasi chini akasema, "Nyama ya pori nitaleta mimi. Nitaiwinda kwa mkono wangu." Mama Espérance alimtazama juu ya miwani. "Papa Kioko, ahadi ni deni," akasema. Mjomba akajibu kwamba anajua.

Njiani kurudi, Anti hakumpa nafasi ya kupumua. "Mdomo uliponza kichwa," alimwambia. "Mtu aliyelinda wanyama maisha yake yote, leo unawaahidi wakwe nyama ya pori?" Mjomba alitazama nje dirishani, akasema hapa kulungu wamezidi, serikali yenyewe inatoa leseni. Alikuwa na bunduki, aliinunua baada ya kuapa uraia, na rafiki yake wa kazini, mzungu mmoja mrefu aitwaye Earl, alikuwa amemkaribisha kwenye shamba la kakake magharibi ya Fort Worth. Mimi niliyekuwa naendesha niliona kwenye kioo kwamba anatabasamu, na nikaogopa kwa niaba yake. Maana kwa wakwe neno la mjomba ni neno la ukoo mzima. Akikosa kuleta, watakaosemwa ni sisi sote, na Mwende ataingia kwa watu akiwa binti wa jamaa wa maneno matupu.

Kisha bunduki ikaharibika. Earl ndiye aliyekuja kutueleza, amevua kofia, amesimama mlangoni utafikiri analeta tanzia. Walikuwa wakifanya mazoezi ya shabaha, mtutu umeelekea kwenye tuta la udongo, Mjomba akaingiza risasi na kusukuma bolti, kile chuma cha kuifungia ndani, kidole kikiwa mbali kabisa na kifyatulio, na bunduki ikalia yenyewe. Alijaribu tena kwa uangalifu, ikalia tena. Akaifungua, akatoa risasi zote, akaiweka chini na hakuigusa tena siku hiyo. "Bunduki inayojiamulia si bunduki," ndiyo kauli pekee tuliyopata kwake. Alipowapigia simu kiwandani ilikotengenezwa wakamwambia asiitumie tena, aitume, wataitengeneza, na wakaeleza jinsi ya kuifunga. Harusi ilikuwa Novemba, na msimu wa kuwinda kulungu ungefunguliwa mwanzoni mwa mwezi huohuo. Ilikuwa Septemba tayari.

Siku ya kuifunga naipenda mpaka leo. Ilikuwa Jumamosi mchana, jua limejaa sebuleni, Mjomba ametandika taulo juu ya meza ya kulia. Risasi zilibaki kwa Earl, hakuna hata moja iliyokanyaga nyumbani. Alifungua bolti, akatazama ndani, akaingiza kidole kidogo mahali pa risasi, kisha akanisogezea. "Tazama."

"Si umetazama wewe?"

"Usiniamini mimi. Tazama na wewe."

Nikatazama, nikaingiza kidole, tupu. Akatoa darubini, akatoa mkanda wa begani na kisanduku kitupu cha kuwekea risasi, akavifungia kabatini, kwa sababu kiwanda kilisema wazi: bunduki peke yake, kitu kingine chochote msilete. Akaifuta mafuta ya nje. Akaivingirisha plastiki ya mapovu, mara mbili zaidi kwenye mdomo na kwenye kitako, na hapo ndipo ulimi wake ulipolegea kidogo, kwani alikuwa anazungumzia kazi yake. "Kifurushi kirefu huanguka kwa kichwa," alisema. "Naviona ghalani kila siku. Mkanda wa mizigo unakimbia, mikono inakimbia, wewe unafikiri kuna anayesoma 'shika taratibu'?" Aliilaza kwenye kasha gumu lenye sponji, kasha akalitia ndani ya sanduku la katoni, na kila pembe akaijaza karatasi zilizokunjwakunjwa. Nje hakuandika neno lolote la bunduki. Mwizi naye amesoma, alisema. Halafu akaliinua sanduku, akalitega sikioni na kulitikisa. Kimya. "Mzigo mzuri haujibu," akasema, akaenda kulala ameridhika. Hakulipiga gundi, kwa vile lebo ya kiwanda ningeichapa kazini kwangu Jumatatu.

Anti Mbula alilizunguka lile sanduku na kikombe cha chai mkononi. Akainua kifuniko, akachomoa karatasi moja, akaikunjua, akaona ni tangazo la matairi. "Hii ndiyo anamtumia mtu?"

"Ni ya kuzuia isigongwe, Anti."

"Ni takataka. Mtu hakujui, hujamsalimu, unamletea kazi ngumu, na pembeni unamwekea takataka. Huyo fundi ataishika bunduki ya mume wangu kwa moyo gani?"

Nilimkumbusha kwamba kiwanda kimesema bunduki peke yake. "Kiwanda hakina mdomo," akanijibu. "Fundi ana mdomo. Mkono mtupu haulambwi, Mueni." Nani hushindana na Anti? Huyu ndiye mwanamke anayempelekea daktari wa meno maparachichi. Na elewa pia, kwetu sanduku linalosafiri likiwa na pembe tupu ni aibu, ni kama kumnyima mtu. Alitoa karatasi zote, akaweka paketi za majani ya chai, akafungua na lile kasha la ndani, na kwenye nafasi kando ya kitako akashindilia mifuko ya mabuyu ya Mombasa, yale mekundu ya sukari na pilipili, aliyoletewa na mtu siku chache kabla na ambayo mimi nilikuwa nimeonjeshwa mawili tu. Akafunga. Akalitikisa kama alivyomwona mumewe akifanya. Sanduku halikujibu. Jumatatu Mjomba naye akalitikisa, akapiga gundi, akalipeleka mwenyewe kaunta, akamweleza karani kilichomo kama sheria inavyotaka, akalikatia bima, akarudi akipiga mluzi.

Simu ilikuja tukiwa mezani. Mwanamke wa kiwandani, jina lake Donna, sauti ya mtu anayechagua maneno. Mjomba aliweka simu katikati ya sahani ili sote tusikie. Donna aliuliza kama ni yeye mwenye bunduki. Ni yeye. Aliuliza kama anafahamu kwamba ndani ya bunduki yake kuna unga mwekundu.

"Unga gani?" Mjomba aliuliza.

Ndege ikapita. Sijawahi kuona ndege inayochukua muda kama ile. Anti alikuwa ameinuka, amekwenda kupunguza moto jikoni, moto ambao haukuhitaji kupunguzwa, na mgongo wake ulisema kila kitu. Vikombe vilipotulia alisema bila kugeuka, "Ni mabuyu."

Basi ikabidi mimi nimfafanulie Donna mabuyu kwa Kiingereza. Nilimwambia ni mbegu za mti, zimepikwa kwa sukari na rangi na pilipili. Akauliza, zinatumika kusafishia bunduki? Nikamwambia hapana, zinaliwa, unafyonza, kisha unatema mbegu. Akauliza kwa nini basi zimo ndani ya bunduki. Nikamtazama Anti, Anti akaja mezani akainamia simu akasema kwa Kiingereza chake cha polepole, "Ni zawadi yako, mama. Ya wewe na fundi." Tukasikia Donna akicheka, kwanza anajizuia, kisha ameshindwa kabisa. Lakini kicheko hakikufuta habari. Mfuko ulikuwa umepasuka njiani, unga umepenya mpaka kwenye kifyatulio, umekutana na mafuta na kuganda. Sanduku lilikuwa limewekwa kando mpaka mkuu wao wa usalama ahakikishe unga ule si kitu kibaya, na likitoka hapo litarudi mwisho wa foleni. Mjomba alimshukuru, akakata simu, akamaliza muthokoi wake bila kuinua macho. Hakumgombeza Anti. Afadhali angegombeza.

Oktoba ikawa ya kimya. Hata "leo kuna joto" tulinyimwa. Ukuta kati ya chumba changu na chao ulikuwa wa mbao nyepesi, na Jumapili moja baada ya ibada, nikikunja mashuka, niliwasikia. Anti alikuwa anamsihi. Earl alikuwa amesema ana nyama ya msimu uliopita kwenye friza, achukue anayotaka. Na kama hataki nyama, aazime bunduki.

"Bunduki ya mtu ni kama mswaki wa mtu," Mjomba alisema.

"Basi chukua nyama. Ni nyama ya pori au si nyama ya pori?"

"Nilisema nitawinda kwa mkono wangu."

"Nani atajua, Kioko?"

"Mbula, nchi hii kila kitu nafanya kwa sababu nimeambiwa. Panga hiki, beba kile, simama hapa. Hilo ndilo neno moja nimelisema mwenyewe. Acha litimie au lisitimie."

Nilisikia mlango, kisha maji yakifunguliwa bafuni, na nikajua analia, kwa kuwa Anti huwa haogi saa nane mchana. Nami nililia kidogo, juu ya mashuka ya watu.

Kesho yake wakati wa chakula cha mchana Anti akampigia Donna. Ilikuwa siku yangu ya mapumziko, nikamwambia Anti usiwasumbue watu, watakasirika. "Sijampigia kuulizia bunduki," akasema. "Nimempigia kumsalimu." Na ni kweli. Alimsalimu, akaulizia wajukuu wake, akaambiwa mmoja ana kikohozi, akampa dawa ya tangawizi na asali. Siku iliyofuata akampigia kuulizia kikohozi. Kikawa kimepona. Siku nyingine akaulizia magoti, maana Donna naye alikuwa na magoti yanayomsumbua kama ya Anti. Kwetu hivi si ujanja, ndivyo mtu anavyoishi na mtu, lakini mimi niliyekuwa na haraka ya kuwa Mmarekani niliona aibu na nikamwambia. Hakunisikiliza. Wakati wote huo hakutaja bunduki. Alitaja harusi tu, siku Donna alipouliza yeye ana mipango gani ya Novemba. Akamweleza Mwende, akamweleza Mama Espérance na kuku, kuku, kuku, akamweleza mumewe na neno lake moja. Anti anasema alipomaliza, Donna alimwambia, "Ngoja nikaongee na jamaa wa meza ya mafundi."

Msimu ulifunguliwa bila sisi. Mjomba alikwenda kazini, akarudi, akalala. Kisha, wiki ileile ya harusi, ikaja habari kwamba bunduki inarudi na mtu mzima lazima asaini, na Mjomba, badala ya kulala, akabeba kiti cha plastiki akakaa juu ya ngazi tangu asubuhi, amevaa shati la kanisani. Alisinzia na kuzinduka kila gari lilipopita. Nilipotoka kazini nilimkuta sebuleni, bunduki juu ya taulo, bolti wazi, amekwisha kutazama na ananisubiri mimi nitazame. Ilikuwa safi, kifyatulio kipya. Fundi alituma salamu kwa mdomo wa Donna kwamba yale mabuyu yaliyosalia waliyamaliza, na kwamba watu wawili waling'ata mbegu.

Mjomba alikwenda na Earl. Kwanza uwanja wa shabaha, akaifunga na kuifungua bolti mpaka Earl akachoka kutazama, na haikulia hata mara moja bila ruhusa. Alfajiri ya pili wakaingia shambani. Sisi tulikuwa jikoni, tunajifanya tunapika vitu vingine, Anti ameosha sufuria moja kubwa mara tatu. Aliporudi, alipandisha ngazi polepole akiwa na majani suruali nzima, akaweka jokofu la mkononi katikati ya jiko, akalifungua. Hakuwa mnyama mkubwa. Anti alisimama akatazama ile nyama, akatazama mumewe, akaanza kukata vitunguu kwa kasi, na machozi ya vitunguu yakachanganyika na mengine na hakuna aliyeuliza. Tuliichemsha, tukaikaanga kwa nyanya na dhania, nyumba nzima ikanukia mpaka jirani wa chini akapanda kuuliza ni nini. Nilishika usukani mpaka Houston na sufuria hiyo imefungwa leso kwenye kiti cha nyuma, Anti ameikumbatia kama mtoto mgonjwa.

Ukumbini ilipelekwa moja kwa moja kwenye meza ya Mama Espérance. Alifunua kifuniko, akanusa, akachota kipande kwa vidole, akatafuna amefumba macho. Akala kingine na sombe, ile mboga yao ya majani ya muhogo. Akavuta sufuria karibu na kiti chake, na dadake alipotia mkono akaupiga mkono ule. Kisha akainuka, akamnyang'anya mshereheshaji maikrofoni. "Papa Kioko yuko wapi?" akasema. "Kwetu nyama kama haina hadithi, ni nyama ya dukani. Akuje atuambie alimuua namna gani."

Mjomba alisimama mbele ya watu wale wote akiwa ameshika maikrofoni kwa mikono miwili. Nilidhani atasema asante na kukaa. Akakohoa. Akasema yule kulungu si wa kwetu, lakini ni binamu. Watu wakacheka, na kicheko kile kikamfungua. Hakuanzia Texas, alianzia Tsavo, kwa tembo na mti, akapita mtutu uliojiamulia, akafika kwenye unga mwekundu, akamwiga Donna, akamwiga mkewe akimpa mgongo, akainama katikati ya ukumbi na vidole viwili kichwani kuonyesha yule mnyama alivyotega masikio alfajiri. Chakula kilipoa. Wakongo walimjibu kila sentensi kana kwamba wako kanisani. Mwende alikuwa analia na vipodozi vyote, na shemeji, kwa taarifa yake, alikuwa anacheza na vifungo vya suti wala hasikilizi. Mshereheshaji alitazama saa, akatazama keki, akaja akamwinamia Anti sikioni. "Mama, tafadhali, mwambie mzee afupishe. Keki inangoja."

Anti hakumtazama. Macho yake yalikuwa kule mbele.

"Keki utaila," akamwambia. "Yule pale ndiye aliyenioa. Sijamsikia tangu tupande ndege. Mwache aseme."